Picha Iliyofichwa Ndani ya Kimondo

Juzi mjukuu wangu wa darasa la sita alinijia na simu huku akicheka peke yake. "Bibi, hebu kione kimondo chetu."

Nikatafuta miwani. Kwenye kioo cha simu nikaona jiwe la mviringo linawaka moto, limelala katikati ya shimo kubwa kama bakuli. Nyuma yake jua linazama, mgunga mmoja umesimama peke yake, na wanaume warefu waliovaa lubega nyekundu wameshika mikuki wanalitazama. Picha nzuri, sikatai. Rangi zimekolea na kila mkuki una kivuli chake. Ila Mbozi haikuwamo. Huku kwetu asubuhi ya mwezi wa sita mtu hutoka na koti zito na kofia ya sufu, na kama ana kitu mkononi, basi ni jembe au debe la kahawa.

"Nani kakuchorea?"

"Akili mnemba. Nimeiandikia tu: chora kimondo cha Mbozi, Tanzania. Haikumaliza hata dakika."

Nikamwambia aketi. Nanyi wajukuu wangu mnaosoma, ketini, maana jambo hili lina safari ndefu. Linaanzia angani, linashuka Ndolezi, linaingia kwenye foleni ya malori Tunduma, linavuka bahari, kisha linarudi tena nyumbani.

Tukijue kwanza kimondo chenyewe. Kipo kijiji cha Ndolezi, wilaya ya Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Hakina umbo la mpira hata kidogo. Kina urefu wa kama mita 3, kimechongoka upande mmoja, na mwili wake una mabonde madogo madogo, kama vile mtu amebonyeza donge la maandazi kwa kidole gumba. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12, ingawa vitabu vingine huandika 16. Katika kila sehemu 100 za mwili wake, sehemu 90 ni chuma, karibu 9 ni nikeli, na kilichobaki ni shaba kidogo na vitu vingine vichache. Ukikigusa alfajiri kina ubaridi wa sufuria iliyolala nje.

Shimo je? Halipo. Kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, na kama kilichimba shimo, mvua na upepo vimekwisha kulifukia. Moto wenyewe ulizimika zamani hizo hizo.

Wenyeji wa hapo walikijua tangu enzi za mababu. Mwaka 1930 akaja mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott, akakitangaza, na tangu hapo vitabu vinasema yeye ndiye aliyekigundua. Neno hilo hunichekesha. Ni sawa na mgeni aingie jikoni kwako, atoke nje akitangaza kwamba amegundua mafiga. Wakati huo sehemu kubwa ya kimondo ilikuwa imezama ardhini. Baadaye udongo ulichimbwa pembeni pande zote, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nguzo ikaimarishwa kwa zege, na kimondo kikabaki kimekaa juu yake kama mzee kwenye kigoda.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1930, mtaalamu wa miamba alikata kipande cha kama sentimita 10 kwa msumeno. Kazi hiyo ilimchukua saa 10. Kwa nini chuma kile ni kigumu hivyo? Sababu mojawapo ni kwamba kimechanganyika na nikeli. Tena kilipoa taratibu mno, huko kilikozaliwa ndani ya sayari ndogo iliyovunjika zamani. Hakikupoa kama chungu cha maharage kinavyopoa. Vimondo vya namna hii hupoa kwa kiasi ambacho miaka milioni moja inaweza kupita joto likiwa limeshuka kwa nyuzi chache tu, au makumi, au mamia. Katika upole huo chuma na nikeli hujipanga. Ukikata kipande, ukakisugua mpaka king'ae, kisha ukakipaka tindikali, hutokeza mistari inayopishana, myembamba kwa minene, kama ukili wa mkeka. Hakuna aliyeichora, na hakuna maabara duniani yenye muda wa kuitengeneza upya kwa ukubwa ule.

Mjukuu wangu akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ndani ya kimondo mna picha?"

Imo, na haionekani mpaka ukate. Ndiyo maana nasema mashine imetuchorea ngozi ya kitu isichokijua.

Lakini tusiilaumu kabla hatujajua inavyofanya kazi. Mmewahi kuona televisheni ya zamani ikipoteza mawimbi? Kioo kinajaa chenga, nukta nyeupe na nyeusi zinacheza. Mashine za kuchora hufundishwa kwa chenga. Huchukuliwa picha safi, tuseme ya ng'ombe, ikiwa na maneno yake: ng'ombe malishoni. Kisha hunyunyiziwa chenga kidogo, zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka ng'ombe apotee kabisa. Mashine huambiwa: kisia ni chenga zipi tumeongeza. Ikikosea husahihishwa. Zoezi hilo hurudiwa kwa picha nyingi kupita kiasi. Mwaka 2022 mkusanyo mmoja wa picha za kufundishia, LAION-5B, ulikuwa na picha zaidi ya bilioni 5 pamoja na maelezo yake, zilizozolewa kutoka kwenye intaneti. Ukizitazama moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utahitaji zaidi ya miaka 150.

Mashine ikishahitimu, hupewa chenga tupu na sentensi yako. Inaanza kutoa chenga kidogo kidogo, ikifuata maneno, mpaka itokeze picha ambayo haijawahi kuwapo. Ni kama kupepeta mchele, ila anayepepeta hajawahi kuonja wali.

Mmeona kosa limetoka wapi? Picha nyingi zilizoandikwa "kimondo" kwa lugha za wenzetu zina moto na shimo. Picha nyingi zilizoandikwa "Tanzania" zilipigwa na watalii, na mtalii hupiga mgunga, jua linalozama na Mmasai. Mashine imeunganisha tu. Picha za Ndolezi ni chache, na kuna jambo jingine dogo linaloniudhi: kwenye orodha rasmi ya vimondo duniani, chetu kimeandikwa Mbosi, kwa s. Mtu aliandika alivyosikia, ikabaki hivyo.

"Lakini Bibi, kwani kukisia ni vibaya?"

Swali zuri, nikamwambia. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una mnyama mwingine ambaye hakuna binadamu aliyemwona. Mwaka 2017 wanasayansi walimpa jina Shingopana songwensis. Ndiyo, shingo pana, Kiswahili kitupu, na songwensis ni wa Songwe. Ni dinosaria wa shingo ndefu aliyeishi kati ya miaka milioni 70 na 100 iliyopita. Mifupa yake ilipatikana ardhini kwetu, ikiwa imetobolewatobolewa na wadudu waliomla mara baada ya kufa. Anayemchora Shingopana kwenye kompyuta naye anakisia, maana ngozi na rangi havikubaki. Ila ukimuuliza kwa nini shingo ameichora nene, atakuonyesha mfupa. Mashine ukiiuliza kwa nini imeweka mikuki Mbozi, haina mfupa wa kukuonyesha.

Haya, sasa tuone mashine yenyewe imetengenezwa kwa nini. Tutoke tuende barabarani.

Ninyi wa Tunduma mnaijua foleni ya malori kuliko mimi. Yanatoka Nakonde upande wa Zambia, na mengi yamesafiri kutoka mbali zaidi, Kitwe, Lubumbashi, Kolwezi, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Baadhi yamebeba mabamba ya rangi ya chungwa iliyofifia, yamefungwa kwa mikanda ya chuma, mazito mpaka lori zima linaonekana tupu kumbe limeshiba. Hiyo ni shaba. Mengine hubeba magunia makubwa yenye kobalti. Hata reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976, sababu kubwa ya kujengwa kwake ilikuwa kuifikisha shaba ya Zambia baharini.

Shaba hiyo inakwenda kuwa nyaya, na bila nyaya kompyuta ni sanduku tu. Kobalti inaingia kwenye betri za simu. Kwa hiyo akili mnemba mnaiona kila siku, ila haijawa akili bado. Imekaa juu ya semitrela mbele ya duka la fundi matairi, dereva anakunywa chai kwa mama lishe akisubiri karatasi za forodha. Watu husema picha za kompyuta ziko "hewani". Mimi sijaona hewa inayohitaji lori la tairi 22.

Na hapa ndipo wazee wetu wana la kusema. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walikuwa wafua chuma. Walijenga tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha udongo wenye chuma, wakapata majembe na mashoka. Majirani zao Wafipa, kule Ufipa, waliichukulia tanuri kama bibi harusi: ilipambwa, iliwekewa dawa, na waliofanya kazi hiyo walishika miiko. Chuma kwao kilizaliwa. Hakikutengenezwa tu. Mtu aliyechukua kitu ardhini alijua amechukua kwa mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuulizwa.

Tusiwafanye malaika, jamani. Tanuri zilikula miti mingi, na jembe linalima lakini shoka linaangusha. Ila hawakudhani kwamba vitu vinatoka pasipo na mtu.

Sasa tuvuke bahari. Huko Marekani kuna Walakota, watu wa asili wa nyanda za nyasi. Katika masimulizi yao jiwe limo miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa, na jiwe haliwi bubu mbele ya anayejua kulisikiliza. Msanii wao mmoja, Suzanne Kite, anafanya kazi na kompyuta na akili mnemba. Katika maonyesho yake hutumia msuko mrefu wa nywele uliounganishwa na kompyuta, akiusogeza mashine inausoma mwendo wake na kutoa sauti. Mwaka 2018 yeye na wenzake watatu kutoka jamii nyingine za asili waliandika makala wakiuliza: mashine hizi tutaishi nazo vipi? Kama watumwa, au kama mtu mpya aliyeingia kwenye ukoo, ambaye ana haki na ana wajibu? Kite halianzii swali hilo kwenye programu. Analianzia kwenye jiwe. Kompyuta imetengenezwa kwa madini. Yalichimbwa wapi, nani aliulizwa, na mashine ikichakaa yanarudi wapi?

Niliposoma hayo nilicheka kwa furaha, maana huyo dada na mfua chuma wa Kinyiha wangekaa kigoda kimoja wakaelewana bila mkalimani.

Msidhani kila msanii anaanzia huko. Mwaka 2017 Mkenya Jacque Njeri aliunda kwenye kompyuta mfululizo wa picha alizoziita MaaSci: Wamasai wakiwa kwenye anga za mbali, shanga na lubega zao zikiwa kati ya sayari. Zinapendeza sana. Mtasema mbona hapa Mmasai ninamsifu na kule nilimkataa? Kwa sababu Njeri alijua anafanya nini. Alimchukua mtu ambaye picha za watalii zimemfunga porini miaka yote, akampeleka angani makusudi. Ile ya simu ilimleta Mbozi kwa kubahatisha.

Kuna pia kazi ya mwaka 2023 iliyovuma sana. Refik Anadol, mzaliwa wa Istanbul anayeishi Los Angeles, alishirikiana na Wayawanawá, watu wa msituni katika jimbo la Acre, Brazili. Vijana wa kijiji walichora michoro yao. Takwimu za hali ya hewa za hapo hapo kijijini, upepo na joto, zikaingizwa kwenye kompyuta pamoja na michoro hiyo, na picha zikawa zinatembea na kubadilika rangi kwa kufuata upepo wa msitu wao. Zilitolewa picha 1,000, zikauzwa, na fedha zikaenda kwa jamii ile. Mimi kilichonigusa ni kwamba walikubaliana kwanza. Kinachonitatiza ni umeme na maji ya kupoozea zile kompyuta kubwa za kazi kama hizi. Picha ya msitu isije ikala msitu.

Na nyumbani yupo Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Yeye hutumia video, sauti na vitendo, na kazi zake nyingi zinaanzia kwa wanawake wa ukoo wake, bibi na mama na wale wa kabla yao, na mambo waliyoyafanya ambayo hayakuandikwa popote. Mama yake, Demere Kitunga, ni mwandishi, na wameshirikiana katika baadhi ya kazi hizo. Ukitaka kujua msanii wa kidijitali wa Kitanzania huchota wapi, jibu mojawapo ni hilo: jikoni kwa bibi yake.

Mjukuu wangu aliposikia neno bibi akaniangalia kwa jicho la pembeni. Jumamosi tukaenda Ndolezi.

Tulipanda kosta mpaka Vwawa, kisha bodaboda. Alipokiona kimondo hakusema kitu. Alikizunguka mara mbili, akaingiza kidole gumba kwenye kila bonde, akalala chali kwenye nyasi ili akione kwa chini. Alipofika kwenye ule upande uliokatwa akasimama. Akapiga picha kama 40, nyingine zina vidole vyangu. Akarekodi sauti: upepo, jogoo, pikipiki inayopanda kilima kwa mbali, na mimi nikimwambia avae sweta.

Njiani tulikaa kwa mzee mmoja anayeijua historia ya hapo. Alitusimulia mengi. Kati ya simulizi alitua, akaitazama simu ya mtoto, akasema kwa upole: "Hili nakwambia wewe, mjukuu wangu, usilitie humo." Mtoto akaizima. Alichosimulia baada ya hapo sitakiandika hapa wala popote. Simu ilikuwa na chaji ya kutosha na nafasi ya kutosha, lakini ruhusa haikuwapo, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliielewa tofauti hiyo haraka kuliko watu wazima wengi waliozoa zile picha bilioni 5.

Kwa siku nne alichora kwa kidole kwenye programu ya bure, juu ya picha aliyoipiga mwenyewe. Kimondo amekiacha na umbo lake la kuchongoka. Kwenye ule mkato amefungua kama dirisha, na ndani yake ametia mistari ya ukili wa mkeka. Chini ya nguzo ya zege, pale palipopaswa kuwa na mizizi, kuna barabara, na malori madogo yamepangana hadi ukingo wa picha, kila lori na bamba lake la shaba. Mashine aliiomba kitu kimoja tu, anga la usiku. Ikaleta anga lenye kimondo kinachowaka moto. Akaufuta moto kwa kidole, taratibu, akaacha nyota.

Nikamuuliza jina la picha. Akasema bado anatafuta neno la Kinyiha, atamuuliza mzee kwanza.

Nanyi mkienda Ndolezi, pigeni picha zenu, nyingi, na muandike chini yake ni nini, ni wapi na nani kawaruhusu, ili mashine ya kesho ikipepeta ikute mchele. Msikwangue hata chembe. Wamekwisha kwangua wengi kabla yenu. Na mkiandika jina lake, andikeni Mbozi, kwa z.